Kabla ya Kupanda Darini, Mjue Anayeishi Huko

Haya ni mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti mbele ya wakazi waliokusanyika katika baraza la chifu, eneo la Mwatate, Kaunti ya Taita Taveta. Tunayachapisha kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Najua wengi wenu mlitarajia afisa wa afya ya umma ndiye asimame hapa kuzungumzia wanyama wanaoishi kwenye paa za nyumba. Yupo, ameketi pale, na atajibu maswali yenu nikimaliza. Mimi kazi yangu ni kuandika na kusambaza habari za kaunti. Nimeomba nizungumze kwanza kwa sababu kosa ninalotaka kuwaonya mlikwepe nililifanya mimi mwenyewe, nyumbani kwangu.

Nilikuwa nimepanga nyumba Voi. Kila jioni nilisikia vishindo na mikwaruzo juu ya chumba cha watoto. Sikujiuliza mara mbili, nikasema ni panya. Kesho yake, nikishuka stejini, nikamkuta kijana anauza dawa ya panya kwenye vikaratasi vidogo. Havikuwa na jina la dawa wala jina la kiwanda. Nilinunua viwili. Usiku nikachanganya ule unga na omena, nikapanda juu ya meza, nikafungua mlango wa dari na kutupa chambo ndani.

Kelele hazikupungua. Siku ya tatu asubuhi tulimkuta paka wa jirani amekufa kando ya tangi la maji. Alikuwa akiingia darini kupitia upenuni, na alipokuwa akivuta ile omena, vipande vingine vilianguka chini kupitia tundu la waya wa taa. Mama mkwe wangu aliingia chumbani akamkuta binti yangu, wakati huo akiwa na miaka mitatu, ameketi kitandani na kipande cha omena mkononi. Alimpokonya kabla hajakitia mdomoni. Tulimwosha mikono kwa sabuni, tukambeba hadi hospitalini akaangaliwe. Alikuwa mzima. Namshukuru Mungu na namshukuru mama yule.

Fundi alipokuja kukagua dari baadaye, hakukuta hata panya mmoja. Walikuwa popo. Popo wale hula wadudu wanaowakamata hewani. Hata ningeweka omena mwaka mzima, wasingeigusa. Kwa hivyo niliweka sumu juu ya kitanda cha mtoto wangu kumuua mnyama ambaye hakuwepo.

Ndiyo maana neno langu la kwanza leo ni hili: kabla ya kutafuta dawa, mjue kwanza anayeishi juu yako. Kila mnyama ana dawa yake, na ya mmoja humdhuru mwingine.

Utamjuaje bila kupanda juu?

Anza na masikio, na uangalie saa. Panya huanza shughuli giza linapoingia na kuendelea usiku kucha. Utasikia mbio za miguu midogo, kisha kutafuna, krr krr, mahali pamoja. Popo hulia kwa sauti nyembamba, hasa mchana jua likiwaka na mabati yakipata moto, kisha husikika tena muda mfupi kabla ya kutoka jioni. Nyuki huvuma mchana bila kukoma, na ukiweka sikio ukutani utahisi kama kuna mashine inayonguruma mbali. Kanu, yule mnyama mrefu mwenye madoadoa na mkia wenye pete, hutembea kwa uzito kama paka, na mara nyingi kuku huanza kupungua bandani. Bundi hana kishindo, lakini makinda yake hutoa sauti ya kukoroma na kufoka ambayo imewahi kuwatoa watu nyumbani usiku wakidhani ni majini. Nyoka hana sauti. Yeye utamjua kwa ngozi aliyovua, au kwa ndege wanaopiga kelele na kurukaruka mahali pamoja juu ya paa.

Pili, tumia macho. Tafuta kinyesi ukutani na chini ya upenu. Cha panya ni kigumu, mfano wa punje ya mchele, na hakivunjiki kwa urahisi. Cha popo kinafanana nacho kwa mbali, lakini ukikibonyeza kwa kijiti husagika kuwa unga unaometameta, kwa sababu ni mabaki ya mabawa ya wadudu. Usikibonyeze kwa kidole. Cha mjusi kina ncha nyeupe. Chini ya mahali anapolala bundi utakuta madonge ya kijivu yenye manyoya na mifupa midogo. Hicho si kinyesi. Ni mabaki ya panya aliowala, ambayo huyatapika. Na ukiona alama ya mafuta meusi au ya kahawia kwenye tundu la upenuni, hapo ndipo mnyama anapopitia kila siku.

Tatu ni pua. Popo wakiwa wengi, nyumba hunuka mkojo mkali unaouma pua, hasa wakati wa joto. Kanu huchagua mahali pamoja pa kwenda haja, na harufu yake hutoka upande mmoja wa dari. Harufu ya kuoza maana yake kuna kilichokufa, na mara nyingi huwa ni matokeo ya sumu.

Sasa niwapitishe mmoja mmoja, nikianza na panya, kwa kuwa ndiye aliye katika nyumba nyingi.

Panya hawezi kuachwa. Hula mahindi yetu, huchafua chakula kwa mkojo unaoweza kubeba magonjwa, na hutafuna nyaya za umeme hadi nyumba ikaungua. Jike hubeba mimba kwa takriban wiki tatu tu na kuzaa watoto wengi kwa mpigo. Ukiua watano na kuacha tundu wazi, baada ya miezi michache umerudi ulikoanza. Kazi ya kwanza ni kumnyima chakula na njia. Weka nafaka kwenye pipa la bati lenye mfuniko. Usilaze sufuria chafu. Kata matawi yanayogusa paa, yaache mbali angalau mita mbili. Ziba kila tundu ambalo kidole gumba kinaweza kuingia, kwa saruji au kwa waya wa kusugulia sufuria uliosokotwa na kushindiliwa ndani. Matambara na karatasi atayatafuna. Halafu weka mitego darini, kando ya ukuta anakopita, na uikague kila asubuhi.

Ukilazimika kutumia sumu, nunua dukani, iliyo na lebo inayoonyesha kuwa imesajiliwa na bodi ya serikali inayodhibiti dawa hizi, PCPB. Soma maelezo. Iweke ndani ya kisanduku ambacho mtoto, kuku na paka hawawezi kufungua. Kumbuka pia kwamba sumu nyingi huchukua siku kadhaa, na panya hufia mle mle darini asipoweza kufikiwa. Ule unga wa stejini usiununue kabisa. Hujui ni nini, na daktari pia hatajua pale mtoto wako atakapofikishwa kwake.

Hapa kuna mzee aliyenishika mkono nilipokuwa nikiingia, akaniuliza, "Mwanangu, na bundi je? Si ni mkosi?" Mzee wangu, nilikujibu kwa heshima na narudia mbele ya wote. Nyanya yangu naye aliamini hivyo, na tulikuwa tukimfukuza bundi kwa mawe. Lakini bundi wa darini anakula panya usiku kucha. Akiwa na makinda, yeye na mwenzake huleta panya mmoja baada ya mwingine. Ukimuua, umewafanyia sherehe panya. Asiyemtaka darini asubiri makinda yaruke, kisha azibe tundu mchana baada ya kuhakikisha hakuna aliyebaki. Na anayetumia sumu ya panya ajue kwamba bundi na paka hufa kwa kula panya aliyekula sumu hiyo.

Sasa popo. Huyu ndiye ninayeulizwa zaidi na wakazi wa kaunti hii, kwa sababu nyumba zetu ni za mabati, na popo wadogo wenye mkia hupenda joto la mabati. Mawimbi ya bati huacha nafasi pale linapokutana na ukuta, na popo mdogo hupita kwenye upenyo wa sentimita moja na nusu.

Kuna mambo mawili kuhusu popo, na lazima tuyashike yote mawili pamoja. La kwanza, wanatusaidia. Popo mmoja hula mamia ya wadudu kwa usiku mmoja, wakiwemo mbu na nondo ambao viwavi wao hushambulia mazao shambani. Popo wa matunda nao huchavusha maua ya miti kama mbuyu. La pili, hawafai kuishi nasi chumba kimoja. Kinyesi chao kikikauka na kuwa vumbi kinaweza kuleta ugonjwa wa mapafu kwa anayelivuta. Na popo, kama mnyama mwingine yeyote wa kunyonyesha, anaweza kubeba virusi.

Niseme wazi jambo ambalo limesambaa kwenye simu likiwa limetiwa chumvi. Ni kweli kwamba wanasayansi waliowapima popo katika Milima ya Taita walimkuta popo mmoja, aliyenaswa mwaka 2018, akiwa na virusi vinavyoitwa Bombali, vya jamii moja na vile vya Ebola. Virusi hivyo vilikuwa vimegunduliwa kwanza kule Sierra Leone. Hakuna mtu anayejulikana kuugua kutokana navyo. Kwa hivyo habari hiyo isitutie kiwewe tukaanza kuchoma popo. Ukiwachoma au kuwapiga ndipo unawashika, unaumwa na kuvuta vumbi lao. Habari hiyo inatufunza jambo rahisi: usimshike popo kwa mkono mtupu, usimle, na usiwaache watoto wamchezee.

Kuwatoa kunahitaji subira kuliko nguvu. Jioni, kama saa kumi na mbili, keti nje na jamaa zako wawili watatu, kila mmoja upande wake wa nyumba. Tazameni wanakotokea hadi giza liingie. Mara nyingi ni tundu moja au mawili. Siku inayofuata, mchana, fundi azibe matundu mengine yote na kuacha lile wanalotumia. Juu ya hilo mnapigilia wavu laini, mfano wa ule wa dirisha wa kuzuia mbu, ukiwa umebanwa juu na pembeni lakini umeachwa wazi chini, uning'inie karibu nusu mita chini ya tundu. Popo akitoka huteremka kwenye wavu na kuruka. Akirudi hufikia pale pale penye tundu, anakuta pamefungwa, na hajui kuzungukia chini. Acha wavu wiki nzima, sikiliza kama kumekuwa kimya, kisha ondoa wavu na uzibe kabisa.

Jihadharini na wakati. Popo hawa huzaa zaidi nyakati za mvua, na kitoto hukaa wiki kadhaa bila kuweza kuruka. Ukiziba akiwa ndani, atafia humo na mama zao watahangaika kuingia hata vyumbani. Ukisikia vilio vyembamba darini baada ya wakubwa kutoka, vitoto vimo, ngoja. Kwetu hapa, wakati mzuri ni kiangazi, mvua za masika au za vuli zikiwa zimepita vizuri.

Baada ya hapo ni kusafisha. Usifagie kinyesi kikiwa kikavu. Vaa barakoa na glavu, fungua madirisha, nyunyizia maji yenye dawa ya klorini hadi kilowe, kisha kikusanye kwenye mfuko na ukizike. Na hapa akina mama mnisikilize, kwa maana wengi wetu tunategemea maji ya paa. Kinyesi cha popo, ndege na panya kilicho juu ya mabati huingia kwenye gata na kutiririka hadi kwenye tangi. Mvua ya kwanza ya msimu iache imwagike nje. Safisha gata kabla ya msimu, funika tangi, na maji ya kunywa yachemshe au yatie dawa.

Kuhusu nyuki, nitasema machache. Wakiingia darini usiwawashie moto wala usiwapulizie dawa ya mbu. Moto wa tambara la mafuta ya taa darini huanza kwa nyuki na kuishia kwa nyumba. Tunao wafugaji wa nyuki wazuri katika kaunti hii. Wenzetu wa Sagalla wametundika mizinga kwenye ua za mashamba kuzuia ndovu. Mwone afisa wa mifugo wa wadi akuunganishe na mfugaji aliye na mavazi ya kazi, aje usiku awahamishe. Watoto, ng'ombe na mbwa wasogezwe mbali siku hiyo. Mtu aliyeumwa mara nyingi, au anayevimba uso na kushindwa kupumua, apelekwe hospitalini mara moja.

Kanu hukimbilia darini kwa sababu kuku wako analala ovyo. Imarisha banda, kata matawi, na uzibe tundu usiku akiwa ametoka kuwinda, ukiwa na hakika hana watoto ndani. Huyu ni mnyamapori. Tunayo Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, na usije ukajiletea kesi kwa ajili ya kuku wawili. Wanyamapori wako chini ya shirika la KWS, ambalo ni la serikali ya kitaifa. Hifadhi ya Tsavo Mashariki ina makao yake hapo Voi, kwa hivyo hatuko mbali na wahusika. Mpigie chifu au afisa wa wadi, naye atafikisha taarifa.

Nyoka naye kwa kawaida hufuata panya na mayai. Ukimwona, toa watu chumbani, funga mlango, ziba nafasi ya chini kwa blanketi, mtu mmoja amwangalie kwa mbali, na muite KWS. Wengi huumwa wakijaribu kumuua. Akikutemea sumu machoni, osha kwa maji mengi safi bila kusugua, kisha nenda hospitalini. Akikuuma, tulia, usitembee sana, vua pete na saa, na upelekwe hospitalini haraka. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukata damu.

Na sasa jambo ambalo sitaki mtu atoke hapa bila kulishika. Mtu akiumwa au kukwaruzwa na popo, kanu, au mnyama mwingine yeyote wa aina hiyo, hata kama kidonda ni kidogo kama cha sindano, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima. Kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, ueleze umeumwa na mnyama gani, ili waamue kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa. Ukiambiwa chanjo haipo pale, usirudi nyumbani. Uliza inapatikana wapi na uende. Ukiamka ukakuta popo kitandani kwa mtoto mchanga, fanya vivyo hivyo, maana mtoto hawezi kukueleza kama ameumwa. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili karibu hakuna anayepona, lakini chanjo ikiwahi huzuia. Kuona haya kusimuue mtu.

Nimeulizwa pia gharama ni za nani. Kama wewe ni mpangaji, mwonyeshe mwenye nyumba matundu na kinyesi, mkae mkubaliane. Wenye nyumba mlio hapa, kuziba upenu kwa wavu na saruji ni bei rahisi kuliko kubadilisha dari iliyooza kwa mkojo au kuweka upya nyaya zilizotafunwa. Mkijenga nyumba mpya, mwambieni fundi azibe mawimbi ya bati kabla hajashuka ngazi.

Ninawaachia kazi moja ya jioni ya leo. Chukua kiti, keti nje saa kumi na mbili, utazame paa lako hadi saa moja na nusu. Kisha ingia ndani, zima redio, usikilize. Ukishajua ni nani, mwone afisa wa afya ya umma wa wadi yako, au mhudumu wa afya wa jamii anayekutembelea, akuelekeze. Ushauri huo hulipii.

Sisi kwetu tulifanya hivyo, ingawa tulichelewa. Tulikaa nje na binti yangu akahesabu popo wakitoka, akaishia ishirini kwa sababu ndipo hesabu zake zilipoishia. Wiki moja baadaye tuliziba. Siku hizi tunawaona jioni wakizunguka kwenye taa ya barabara wakila wadudu, na darini ni kimya.

Sasa karibuni na maswali, na afisa wetu wa afya ya umma atawajibu.